Thamostati ya darini haitakulinda: kufunga hita za infraredi kwenye sauna ya nyumbani

Swali: Mtaalamu, nimejijengea kibanda cha sauna cha watu wawili nyumbani. Upana wake ni mita 1.3, kina mita 1.1 na urefu mita 1.9. Ndani ni mbao, nyuma ya mbao kuna foili ya alumini, na nyuma ya foili nimejaza stairofomu. Nimenunua paneli 5 za kaboni za wati 300 kila moja na hita 2 za kwatsi za wati 500 kila moja. Muuzaji amenipa thamostati moja yenye sensa, akaniambia niifunge darini kisha nichomeke kila kitu kwenye soketi ya karibu. Umeme wangu ni volti 230. Naweza kuendelea hivyo? Niwe mwangalifu na nini? Mke wangu pia ana wasiwasi kuhusu mionzi na sumaku ya umeme.

Jibu: Ndugu yangu, usichomeke chochote kwanza. Hita ulizonunua zinatosha kibanda cha ukubwa huo, na inaonekana kazi ya mbao unaiweza. Ila kuna mambo matatu ya kurekebisha: thamostati, stairofomu na soketi. Mafundi wengi wangeanza na soketi. Mimi naanza na thamostati, kwa sababu soketi iliyozidiwa mara nyingi hujitangaza yenyewe; plagi inachemka, plastiki inanuka, breka inakatika. Thamostati iliyowekwa pasipofaa inakaa kimya, taa yake inawaka vizuri, namba zinasomeka, nawe unaamini kuna kitu kinakulinda kumbe hakipo.

Hita ya infraredi haipashi hewa kwanza. Inatoa mionzi, na mionzi hiyo inageuka joto pale inapokutana na kitu: ngozi yako, benchi, taulo, ubao wa ukuta wa pili. Ni kama kuota jua asubuhi ya baridi. Hewa bado ina ubaridi lakini shavu lililoelekea jua limeshapata moto. Ndiyo maana sauna ya aina hii hutumika hewa ikiwa na nyuzi joto 45 hadi 60 tu, wakati sauna ya mawe ya kawaida hufika nyuzi 70 hadi 100. Sasa angalia upande wa hita zenyewe. Paneli ya wati 300 yenye eneo la karibu mita za mraba 0.4 hutulia kwenye nyuzi 90 hivi usoni. Bomba la kwatsi, yaani kioo kinachostahimili moto mkali, linafika mamia ya nyuzi. Kwa hiyo ndani ya kibanda kimoja una hewa ya nyuzi 50, paneli ya 90 na bomba la kwatsi linaloweza kuunguza kitambaa. Sensa ya darini inaijua ile hewa peke yake.

Chukua mfano mmoja tu. Umemaliza kuoga jasho, umetoka, na taulo limeangukia paneli ya nyuma ya benchi. Joto la paneli lililokuwa likitoka kwa mionzi na kwa hewa sasa limezibwa, kwa hiyo paneli inaanza kupanda: 100, 120, na zaidi. Hewa ya kibanda nayo inapata joto pungufu kuliko mwanzo, kwa sababu paneli moja imefunikwa. Thamostati inaona hewa imepoa kidogo, na kwa kazi yake inachojua ni kimoja: kuendelea kuruhusu umeme. Yaani hatari inavyozidi, ndivyo thamostati inavyozidi kuilisha.

Dawa yake ni kila hita kuwa na kikata-joto chake. Ni kidude kidogo cha bimetali (metali mbili zilizoshikana zinazojikunja zikipata joto), kinabanwa mgongoni mwa paneli au kwenye nyumba ya hita, na kinakata umeme wa hita hiyo joto likipita kiwango. Paneli nyingi nzuri huja nacho tayari. Geuza yako uangalie kama kuna kijisahani cha chuma chenye waya mbili kilichobanwa kwa klipu au gundi ya silikoni. Kama hakuna, mwulize muuzaji kwa nini hakuna, na usiridhike na jibu la haraka. Chagua kinachokata juu ya joto la kawaida la paneli lakini chini ya lile linaloharibu mbao na paneli yenyewe. Kwa paneli inayotulia kwenye 90, mimi ningetafuta cha nyuzi 105 hadi 115, isipokuwa mtengenezaji ametaja namba nyingine, maana yeye ndiye anayeijua paneli yake. Chukua cha kurudishwa kwa mkono. Kile kinachojirudisha chenyewe kikipoa kitawasha na kuzima paneli iliyofunikwa usiku kucha, na wewe hutajua.

Pia angalia kinavyoungwa. Wapo wanaokiunga kwenye waya mwembamba unaoamrisha kontakta au relei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), wakiamini kontakta ikinyimwa amri itafunguka. Shida ni kwamba kontakta inaweza kugandana, na relei za kielektroniki zisizo na sehemu inayotembea zina tabia mbaya zaidi: zikifa, mara nyingi hufa zikiwa zimefunga, umeme unapita moja kwa moja. Hapo hata ukizima kwenye kitufe, hita inaendelea. Kwa hiyo mkondo wa paneli wenyewe upite ndani ya kikata-joto. Wati 300 kwa volti 230 ni amperi 1.3 tu, na vikata-joto vingi vya kawaida hubeba amperi 10, kwa hiyo hakuna sababu ya kukiunga vingine.

Juu ya hapo weka taima. Taima ya kimakanika ya kuzungusha, ya dakika 60, ndiyo ninayoipenda kuliko zote: haina programu, haina intaneti, na muda ukiisha inakata hata kama kila mtu amelala. Simpendekezei mtu mfumo wa kuwasha sauna kwa simu akiwa mbali. Hita isiwashwe kabla mtu hajaingia kwa macho yake kuangalia kuna nini juu ya benchi.

Thamostati yako usiitupe. Ina kazi yake, kazi ya starehe. Ifunge kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa, au juu kidogo, mahali ambapo hakuna hita inayoielekea moja kwa moja. Sensa ikionwa na hita itapata joto la mionzi, itasoma namba kubwa isiyo ya hewa, na kibanda kitakuwa kinazimika kila baada ya dakika chache.

Sasa stairofomu. Itoe yote. Najua ni kazi kubwa maana mbao zimeshapigwa, lakini hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Povu hilo huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, na nyuma ya paneli ya nyuzi 90 hatuna pengo la kuchezea. Likishika moto linayeyuka, linadondoka likiwaka, na linatoa moshi mweusi mzito. Kuna lingine ambalo hata baadhi ya mafundi umeme hawalijui: stairofomu ikigusana na waya wenye ganda la PVC, ile kemikali inayoifanya PVC iwe laini huhama polepole kutoka kwenye ganda na kuingia kwenye povu. Baada ya muda ganda la waya linakuwa gumu, linapasuka ukilikunja. Joto linaharakisha kazi hiyo. Jaza sufi ya mawe badala yake. Haiungui, na inahami vizuri. Vaa glavu na barakoa unapoikata, maana inawasha.

Foili ya alumini ibaki, inarudisha mionzi ndani. Lakini kumbuka ni chuma, inapitisha umeme, na inazunguka kibanda kizima. Pini moja ya stepla iliyotoboa foili na kuingia kwenye waya wa moto uliopita nyuma yake inatosha kuufanya ukuta wote uwe na umeme, tena kwa mtu aliyelowa jasho. Kwa hiyo nyaya zisipite zikigusana na foili. Zipitishe ndani ya bomba, upande wa nje wa foili, na pale waya unapoingia kwa paneli kata foili iachie nafasi ya sentimita kadhaa kuzunguka tundu. Kabla ya kupiga msumari wowote chora kwa penseli njia ya nyaya juu ya mbao, na upige picha ukuta ukiwa wazi. Picha hiyo utaihitaji siku utakapotaka kuongeza kitundikio.

Kuhusu mbao zenyewe, hatari yake ni ya polepole. Ubao mpya hauwaki kwenye nyuzi 100. Lakini ubao uliokaa miezi na miaka ukipashwa karibu na kiwango hicho hukauka kupita kiasi, unaanza kugeuka kahawia na kukaribia kuwa mkaa, na hali hiyo inashusha joto linalohitajika kuuwasha. Ndiyo maana siridhiki na mtu anayeniambia ametumia hita mwezi mzima bila tatizo. Mimi hutaka ubao wowote ulio nyuma au kando ya hita usizidi nyuzi 80 kibanda kikiwa kimewaka muda wote wa matumizi. Kama unazidi, ongeza nafasi ya hewa nyuma ya hita. Usifunge paneli ikilalia ubao moja kwa moja isipokuwa maelekezo yake yanaruhusu. Acha upenyo wa hewa kwa vipande vya mbao au spesa, na upenyo huo uwe wazi juu na chini hewa ipite. Mbao zenye utomvu mwingi ziepuke karibu na hita, maana mafundo yake hutoa utomvu wa moto unaonata kwenye ngozi. Vanishi, rangi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) na plaiwudi ya kawaida zisiwemo ndani kabisa. Gundi na rangi zikipata joto hutoa mvuke ambao hutaki kuuvuta ukiwa umefungiwa kwenye chumba kidogo.

Paneli ya kaboni ina sharti moja lisilo na mjadala: haikatwi, haitobolewi, haipigwi skrubu katikati. Ndani yake kuna utando mwembamba wa kaboni unaopitisha umeme eneo lote. Ukiutoboa, mkondo unalazimika kuzunguka tundu, unajazana kingoni mwake, na pale panakuwa na doa la moto lisiloonekana. Hata mkwaruzo mrefu wa bisibisi unatosha kuniondolea imani na paneli. Shikilia paneli kwa fremu au mashikio ya pembeni, na uiachie nafasi ndogo ya kutanuka.

Mpangilio wa kibanda chako ningeufanya hivi: paneli mbili nyuma ya mgongo, moja kila upande, na moja chini mbele ya miguu, zote zikiwa na vipande vya mbao mbele yake ili mgongo na mashavu ya miguu visizigandamize. Hita za kwatsi ziwe ukuta wa mbele, kwenye pembe, zikielekea kifua na tumbo, si uso. Kibanda chako kina kina cha mita 1.1 tu, kwa hiyo mtu akikaa anakuwa karibu sana nazo. Hakikisha kuna angalau nusu mita kati ya bomba na ngozi, na wavu wa chuma mbele ambao kidole cha mtoto hakipiti. Ukiona nafasi haitoshi, ziache. Paneli tano peke yake ni wati 1500, na kwa kibanda cha ujazo wa mita za ujazo 2.7 zitafanya kazi, ila utasubiri zaidi kipate joto. Darini usiweke hita yoyote. Kimo cha 1.9 ni kifupi, na mtu akisimama kichwa chake kitakuwa karibu kugusa. Chini ya benchi pia sipapendi kwa hita ya kwatsi: jasho linadondoka huko, taulo linaangukia huko, na hakuna anayechungulia.

Bomba la kwatsi usilishike kwa vidole vitupu. Chumvi ya jasho la mkono ikikaangwa juu ya kwatsi huliharibu bomba, linapata doa jeupe na baadaye kupasuka. Ukilishika kwa bahati mbaya, lifute kwa spiriti kabla ya kuwasha. Na hii si sauna ya kumwagia maji. Hakuna mawe, hakuna mvuke, ndoo ibaki nje.

Tuje kwenye umeme. Jumla yako ni wati 2500. Gawa kwa 230, unapata karibu amperi 10.9, na mzigo huo hauji na kuondoka kama wa birika. Unakaa dakika 40 au saa nzima. Soketi ya kawaida, tena kupitia ekstensheni, haikutengenezwa kwa maisha ya namna hiyo, na ekstensheni iliyoachwa imeviringwa kwenye gurudumu lake inajipika yenyewe. Kibanda kipewe saketi yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme: waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, breka ya amperi 16, RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliamperi 30, na swichi kubwa inayokata waya zote mbili, iliyo nje ya kibanda mahali panapofikika. Wanaotumia volti 120 wafanye hesabu upya, maana wati hizohizo huko ni karibu amperi 21, na si mzigo wa saketi moja ya kawaida ya soketi.

Breka na RCD watu huzichanganya. Breka inalinda waya usiungue. RCD ndiyo inayokulinda wewe: inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukikosekana kiasi kidogo tu, maana yake umepita kwenye mwili wa mtu au kwenye chuma, inakata. Bila RCD mimi siwashi sauna. Na RCD haiondoi haja ya erthi. Fremu ya kila paneli na kila nyumba ya hita iungwe kwenye erthi.

Soma kibandiko cha kila hita kabla ya kuiunga. Nguvu ya hita hupanda kwa mraba wa volti. Hita ya volti 220 ikipewa 240 inatoa karibu asilimia 19 zaidi ya ilivyoandikwa, na ile ya volti 120 ikipewa 240 inatoa mara nne, kwa muda mfupi tu kabla haijaungua. Zinazouzwa mtandaoni huchanganywa sana, na sanduku haliwezi kukuambia ukweli kama kibandiko.

Waya unaopita kwenye joto hubeba pungufu. Waya wa PVC wa nyuzi 70, ukipita mahali penye nyuzi 50, hubaki na asilimia 71 tu ya uwezo wake. Wenye uwezo wa amperi 20 unashuka hadi 14, na breka yako ya 16 haina habari. Ukizungukwa kabisa na sufi unashuka tena. Kwa hiyo waya wa kawaida uishie kwenye boksi lililo nje ya kibanda, na kutoka hapo kwenda kwa kila hita tumia waya wa silikoni unaostahimili nyuzi 180. Kiwango cha kimataifa cha vyumba vya sauna, IEC 60364-7-703, kinataka vifaa vilivyo juu ya mita 1 kutoka sakafuni vistahimili nyuzi 125 na maganda ya nyaya nyuzi 170. Kibanda cha infraredi hakifiki joto hilo kwa kawaida, lakini ukifuata namba hizo hutajuta, kwa sababu gharama ya waya ni ndogo ukilinganisha na kubomoa ukuta.

Viungo ndivyo vinavyoungua, si waya wenyewe. Kila ukiwasha, chuma kinatanuka, ukizima, kinasinyaa. Baada ya mizunguko mingi skrubu iliyokazwa nusu inalegea, mguso unakuwa mdogo, joto linaongezeka, na joto hilo linailegeza zaidi. Ukifungua kiungo kilichofika hapo unaona shaba imegeuka rangi, na plastiki ya konekta imekuwa kahawia, inamomonyoka ukiigusa kwa kucha. Tumia konekta za kauri, si za plastiki. Waya wa nyuzinyuzi ubanwe kwa kishikio cha chuma kilichobanwa na koleo yake. Usipake risasi ncha ya waya kisha ukaikaza kwa skrubu, kwa sababu risasi ni laini, inatiririka polepole chini ya mgandamizo na kiungo kinalegea hata kama ulikikaza vizuri. Kuchomelea kwa risasi karibu na hita ya kwatsi usithubutu. Utepe mweusi wa umeme nao hauna kazi ndani ya kibanda: gundi yake inayeyuka na utepe unafunguka.

Sehemu hii ya saketi, kutoka bodi hadi boksi, mpe fundi umeme mwenye leseni aifanye na kuipima. Wewe fanya mbao, sufi, fremu na mashikio. Mwambie apime uhami wa nyaya na hita kwa volti 500 kabla ya kuwasha, isomeke angalau megaohmu 1, na abonyeze kitufe cha kujaribu RCD mbele yako.

Madogo yaliyobaki: mlango ufunguke kwa nje na usiwe na kufuli wala komeo, sumaku au kibano cha mpira kinatosha. Kioo kiwe cha usalama, kile kinachovunjika vipande vidogo butu. Tundu la hewa moja chini karibu na sakafu, jingine juu upande wa pili. Transfoma za taa na spika zikae nje. Simu pia, betri za lithiamu hazipendi joto hilo. King'amua-moshi kiwe chumbani nje ya kibanda, si ndani.

Kuhusu mionzi, mweleze mke wako kwamba infraredi ni joto tu. Si ile mionzi inayovunja chembe za mwili kama ya eksirei. Ila joto lenyewe linaweza kudhuru kwa njia zake. Ngozi inayopashwa mara kwa mara mahali palepale kwa joto lisilofikia kuunguza hupata mabaka mekundu hadi kahawia yenye umbo la wavu, na hayo yakiendelea miaka si ya kupuuzwa. Badilisha mkao. Macho ni jambo jingine: wafanyakazi wa tanuru za kioo wamejulikana tangu zamani kwa kupata mtoto wa jicho kutokana na infraredi kali, na ndiyo sababu nimekwambia hita za kwatsi zisielekee uso. Paneli za kaboni ni dhaifu sana kulinganisha na hizo. Mjamzito, mwenye matatizo ya moyo au presha, na anayetumia dawa zinazobadilisha jasho au presha wamwone daktari kwanza. Nasisitiza kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni: huyo anaweza kuungua mashavu ya miguu bila kusikia maumivu, kwa hiyo paneli ya miguu izimwe anapoingia. Pombe kabla ya sauna, hapana.

Sumaku ya umeme inapungua haraka ukisogea mbali, na inapungua zaidi ukisokota pamoja waya wa kwenda na wa kurudi wa kila hita, kwa sababu nguvu za waya hizo mbili zinafutana. ICNIRP, taasisi ya kimataifa inayotoa miongozo ya mionzi ya aina hii, iliweka mwaka 2010 kikomo cha mikrotesla 200 kwa watu wa kawaida kwenye umeme wa hezi 50. Zisokote nyaya, halafu pima kwa kifaa mgongo unapokaa, kama itamtuliza mke wako. Mimi ningetumia muda huo kupima joto.

Na joto hulipimi kwa mkono. Azima bunduki ya kupimia joto. Siku ya kwanza washa kibanda kitupu, mlango ukiwa wazi, saa moja au mbili. Harufu kidogo ya kiwandani ni ya kawaida, ila moshi au harufu ya plastiki inayoungua si ya kawaida. Siku ya pili funga mlango, washa muda wako wa kawaida, kisha pima uso wa kila paneli, ubao wa kando yake, ubao wa juu yake na boksi la viungo. Usielekeze bunduki kwenye foili au chuma kinachong'aa, itakudanganya: vitu hivyo hutoa infraredi kidogo na kuakisi ya vitu vingine, kwa hiyo kitu chenye nyuzi 90 kinaweza kusomeka 40. Bandika kipande cha utepe mweusi usiong'aa wakati wa kupima, subiri dakika chache, pima juu yake, kisha ukitoe. Paneli zote tano zisome karibu sawa. Ikiwepo yenye doa lenye nyuzi 20 zaidi ya sehemu nyingine ya uso wake, itoe, usiiache kwa majaribio.

Baada ya wiki mbili za matumizi, zima swichi kubwa, fungua boksi na ukaze skrubu zote tena. Utashangaa ngapi zitakubali robo mzunguko. Kisha fanya hivyo kila baada ya miezi sita.

Ikitokea RCD inakata mara ya kwanza kuwasha, usiiondoe na usikubali fundi aibadilishe kwa breka tupu. Tenganisha hita zote, rudisha moja moja uone inayosababisha. Ikiwa ni ya kwatsi au paneli, ina uvujaji, irudishe kwa muuzaji. Na hita za mabomba ya chuma, kwa wanaozitumia, zikikaa ghalani hunyonya unyevu kwenye unga wa ndani na kuvujisha umeme kidogo; hizo fundi huzikausha pole pole kwa joto dogo nje ya kibanda kisha huzipima tena uhami. Ikisoma chini ya megaohmu 1 baada ya kukauka, nayo hairudi ukutani.